SIBILOI: HIFADHI YA JANGWANI NA MAJI YA JIRANI

Zinapotajwa hifadhi za taifa za Kenya, wananchi wengi wa Afrika ya Mashariki huifikiria Maasai Mara, Amboseli au Tsavo. Ni wachache mno wanaoikumbuka Sibiloi, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Turkana, kaskazini kabisa mwa Kenya, jirani na mpaka wa Ethiopia. Huko hakuna misururu ya magari ya watalii. Kuna jua kali, upepo usiokoma, mawe meusi ya volkano, na ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 250, ambalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu yaliyomo jangwani duniani.

Hifadhi hiyo yastahili kuangaliwa kwa makini na majirani wa Kenya, kwa sababu mambo yanayoamua uhai wake hayamo ndani ya mipaka yake. Mtu anayepanga kuizuru hulazimika kupiga hesabu ya maji tangu siku ya kwanza. Hesabu hiyo ya msafiri ni ndogo, lakini ni sehemu ya hesabu nyingine, kubwa zaidi, inayozihusu serikali mbili.

Kwa msafiri anayetoka Dar es Salaam au Arusha, sehemu ya kwanza ya safari haina taabu. Kutoka Nairobi kupitia Isiolo hadi Marsabit barabara ni ya lami, nayo huendelea hadi Moyale mpakani. Taabu huanza pale lami inapoachwa na gari kuelekea North Horr, kupitia jangwa la Chalbi. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Ikiwa kavu hupitika kwa kasi. Mvua ikinyesha hugeuka tope la kunasa malori. Kwa hiyo miezi ya Aprili na Mei haifai kwa safari hiyo, na kabla ya kuondoka Marsabit ni lazima kuwauliza maofisa wa wanyamapori na polisi habari za njia na za usalama, maana wizi wa mifugo na mapigano ya kugombea malisho hutokea katika wilaya hizo. Magari yawe mawili, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kila moja liwe na magurudumu mawili ya akiba. Mafuta yajazwe Marsabit, ya kwenda na ya kurudi. Kiingilio cha hifadhi hakipokelewi kwa fedha taslimu, basi ni busara kukilipia mapema kuliko kutegemea simu huko nyikani.

Maji ya kunywa yasipungue lita 5 kwa mtu kwa siku, mbali na ya kupikia na ya akiba gari likiharibika. Inashangaza kuwaambia watu wachukue maji kwenda ziwani, lakini ndivyo ilivyo. Maji ya Turkana yana magadi. Wenyeji huyanywa kwa kukosa mengine, na mgeni hana sababu ya kuyajaribu. Kuoga nako kuna hatari yake, kwa kuwa ziwa hilo lina mamba wengi. Wako wanaochagua kupitia Lodwar na kuvuka kwa mashua kutoka ufuko wa magharibi; hao hawana budi kumsikiliza nahodha anapokataa kuondoka, kwani upepo wa huko huinua mawimbi makubwa kwa muda mfupi.

Anayefika hukuta nini? Hukuta choroa, nyamera na viboko, ingawa si kwa wingi wa kule Serengeti, na mtu anayetafuta makundi makubwa ya wanyama heri abaki Serengeti. Hukuta magogo ya miti ya kale iliyogeuka mawe. Zaidi ya yote hukuta Koobi Fora, ambako Richard Leakey alianza uchunguzi mwaka 1968. Mama yake na baba yake, Mary na Louis Leakey, ndio waliolipatia Bonde la Olduvai umaarufu kwa fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na kwa hiyo Mtanzania akisimama Koobi Fora huwa anasoma ukurasa mwingine wa kitabu kilichofunguliwa kwao. Yafaa kukumbuka pia kwamba mtu aliyeliona fuvu mashuhuri lenye namba 1470 mwaka 1972 alikuwa Mkenya, Bernard Ngeneo. Mwaka 1975 Ngeneo huyo huyo aliliona jingine, namba 3733. Mabaki yenyewe huhifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi, na msafiri mwenye busara huanzia hapo, ili akifika jangwani ajue anachokitazama.

Sasa yaja ile hesabu kubwa. Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Jua hunyonya zaidi ya mita 2 za kina chake kila mwaka, na sehemu kubwa mno ya maji yanayofidia upungufu huo huletwa na mto mmoja, Omo, utokao katika milima ya Ethiopia. Juu ya mto huo Ethiopia ilijenga bwawa la Gibe III, lenye uwezo wa megawati 1,870. Lilianza kujazwa mwaka 2015, likazinduliwa Desemba 2016, na katika miaka hiyo miwili ziwa lilishuka kwa takriban mita moja na nusu. Mwaka 2018 hifadhi za Ziwa Turkana, yaani Sibiloi na visiwa viwili vya ziwani, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini.

Ingekuwa rahisi kuilaumu Ethiopia na kuishia hapo. Lakini taifa lenye mamilioni ya watu wasio na umeme lina haki ya kutumia mito yake, na Kenya yenyewe ilianza kununua umeme wa Ethiopia mwaka 2022, kwa mapatano ya megawati 200. Tanzania nayo, iliyojenga bwawa la megawati 2,115 katika mto Rufiji, ndani ya eneo la urithi wa dunia la Selous, haina nafasi ya kumnyoshea jirani kidole. Kinachodaiwa kwa haki ni jambo jingine: kwamba nchi ya juu na nchi ya chini ya mto zikubaliane ni maji kiasi gani yataachiliwa na kwa majira gani. Samaki wa Turkana huzaliana kwa kufuata mafuriko ya msimu. Mto unaotiririka kwa kipimo kimoja mwaka mzima hauwapi ishara hiyo, hata kama ziwa limejaa.

Na ziwa lilijaa kweli. Baada ya mvua kubwa za mwaka 2019 na 2020 maji yalipanda, na waliotabiri kwamba Turkana ingekauka upesi wakakosa la kusema. Lakini kupanda huko hakukuwa neema kwa kila mtu. Kijiji cha Komote, cha wavuvi wa El Molo karibu na Loiyangalani, kilizungukwa na maji kikawa kisiwa, na makaburi ya wazee wao yakafunikwa. Watoto wakawa wanavushwa kwa mashua kwenda shule. Msafiri mwenye siku mbili za ziada katika ratiba yake apite Loiyangalani, akodi kiongozi mwenyeji, na awaulize wavuvi maji yalifika wapi mwaka gani. Watamwonyesha kwa kidole.