Anwani Zilizoandikwa kwa Mkono: Mipangilio ya Mtandao kwa Kompyuta Mpakato Zinazohama

Mada kwa ajili ya semina ya maafisa TEHAMA

Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie mipangilio ya mtandao kwa watumishi wanaotembea na kompyuta mpakato kati ya ofisini, nyumbani na safarini. Mifano nitakayotoa haimlengi mtu wala taasisi yoyote.

Fasili nazipitia haraka, maana wote humu tunazijua. Anwani ya IP hukitambulisha kifaa ndani ya mtandao. DHCP hugawa anwani hizo pamoja na lango na DNS bila mtu kuandika chochote. DNS hugeuza jina la tovuti kuwa anwani. Proksi ni seva inayopokea maombi ya mtumiaji na kuyapeleka intaneti kwa niaba yake.

Tatizo lenyewe

Nimelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi: anwani ya kudumu inayoandikwa kwa mkono kwenye kompyuta inayohama. Huanza kwa nia njema. Mfumo wa malipo unakubali anwani chache tu, basi fundi anafungua mipangilio ya kadi ya Wi-Fi ya mhasibu, anaandika 10.10.4.25, lango 10.10.4.1, DNS ya ndani, anamalizia na proksi, anaondoka. Katika Windows, kilichoandikwa kwenye sifa za kadi kinaishika kadi yenyewe. Kokote kadi itakakokwenda, kinaifuata.

Jioni mhasibu yuko nyumbani, ruta yake inatumia 192.168.1.1. Wi-Fi inashika, alama imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka, kwa sababu kompyuta inatafuta lango la 10.10.4.1 ambalo halipo pale. Anazima ruta na kuiwasha tena. Ananunua bando jingine. Anapiga simu huduma kwa wateja, anaambiwa laini ni nzima, na kweli ni nzima. Kesho yake fundi wa mtaani anamrudishia mipangilio ya kupata anwani na DNS kiotomatiki na kumwondolea proksi. Nyumbani panakuwa shwari, ofisini mfumo wa malipo unamkataa. Anarudi kwetu, na sisi tunaandika upya 10.10.4.25. Inasikitisha kwamba mtumishi anatoa fedha mfukoni kutibu ugonjwa ambao haupo kwake.

Dalili zinatofautiana, na tukizijua hatutapoteza muda. Anwani ikiwa ya kigeni kwa mtandao ule, hata lango halijibu. Ikiwa anwani ni sahihi lakini DNS ya ofisini imebaki, ukipima kwa ping 8.8.8.8 unajibiwa, ila tovuti ukiziita kwa majina hazifunguki. Ping ikijibu na majina yakapatikana, lakini kivinjari kinagoma, kagua proksi. Na ipconfig ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani na haikupewa. Hapo kagua DHCP kwanza.

Wapo wanaotetea anwani za mkono kwa hoja ya usalama. Kwa heshima zote, sikubaliani nao. Anwani ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika kwenye kompyuta yake haithibitishi kwamba yeye ni nani. Kazi hiyo ni ya 802.1X, kiwango kilichopitishwa mwaka 2001, pamoja na akaunti na vyeti vya kidijiti.

Mapendekezo

Kwanza, napendekeza anwani ya kudumu isiandikwe kwenye kompyuta mpakato. Itengwe ndani ya seva ya DHCP kwa kufuata anwani ya MAC ya kadi: ofisini mtumishi atapata ileile kila siku, nyumbani atapewa ya nyumbani. Kwa mtandao huo wa ofisi, chaguo la Windows la kubadilisha anwani za MAC kiholela lizimwe, la sivyo seva haitamtambua.

DNS nayo itolewe na DHCP. Hii ni sehemu ya pendekezo la kwanza, lakini naitaja peke yake kwa kuwa ndiyo husahaulika zaidi.

Proksi iwekwe kwa faili la usanidi wa kiotomatiki lenye maelekezo ya kwenda moja kwa moja pale proksi isipopatikana. Kwa wanaotumia Linux, NetworkManager huhifadhi mipangilio ya kila mtandao kivyake, tuitumie.

Panapolazimu anwani ya mkono kwa sababu eneo halina DHCP kabisa, kitumike kichupo cha usanidi mbadala cha Windows, ambacho hufanya kazi pale tu DHCP isipojibu. Hotspoti ya simu iwekwe kuwa muunganisho wenye kipimo, ili masasisho yasimalize bando la mtumishi.

Idara za manunuzi zisipokee mfumo mpya unaotambua watumiaji kwa anwani ya IP pekee. Wakati mifumo iliyopo ikisubiri kurekebishwa, kila anwani iliyotengwa iingizwe kwenye daftari moja linalotunzwa na kitengo cha TEHAMA, ikiwa na jina la kifaa na anayekitumia. Narudia tena, ndugu washiriki: itengwe kwenye seva, isiandikwe kwenye kompyuta. Naomba pendekezo hili liingie katika maazimio ya semina, likiwa na tarehe ya kuanza kutekelezwa na jina la cheo kitakachowajibika.