Rangi ya Ngozi na Jua la Mlimani

Leo tutajifunza jinsi ngozi inavyopata rangi yake, na kwa nini ngozi ya mtoto mwenye ualbino haiipati. Jambo hili latuhusu sisi wa Moshi na vijiji vya mlimani. Wako akina mama walioachwa na waume zao kwa sababu ya kuzaa mtoto wa namna hiyo, na wako vijana waliokufa kwa saratani ya ngozi iliyoweza kuzuiwa.

Mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo seli. Katika ngozi tuangalie seli za namna mbili. Za kwanza ni seli za kifuniko, ndizo zilizo nyingi. Za pili ni seli za rangi, ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi iitwayo melanini. Mzungu na Mchaga wana seli za rangi karibu sawa kwa hesabu. Tofauti ni kazi inayofanyika ndani yake.

Je, nani huziambia seli za rangi zifanye kazi? Jua likiziumiza seli za kifuniko, seli hizo hutoa mjumbe, yaani homoni. Mjumbe huyu haingii ndani ya seli ya rangi, bali hufika mlangoni akabisha hodi. Hapo mlangoni pana kipokezi, ndicho kinachoitikia hodi na kupeleka habari ndani. Kipokezi hicho huitwa MC1R, na jeni yake ilipatikana mwaka 1992. Habari ikifika, seli huongeza kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Melanini huwekwa katika vifuko vidogo, vikapelekwa kwenye seli za kifuniko, na huko hukaa juu ya kiini cha seli kama kofia, kukikinga na jua.

Huko Ulaya wako watu wenye nywele nyekundu. Wengi wao kipokezi chao huitikia kwa udhaifu, na ndiyo sababu huungua upesi. Lakini ualbino ulio mwingi Tanzania si wa namna hiyo. Hodi inabishwa, kipokezi kinaitikia, na kimeng'enya kipo. Iliyoharibika ni jeni nyingine, iitwayo OCA2, inayosaidia kupunguza uchachu ndani ya vile vifuko. Uchachu ukizidi, kimeng'enya hakifanyi kazi sawasawa. Mwaka 1995 wataalamu walieleza kwamba Watanzania wengi wenye ualbino wamekosa kipande kilekile cha jeni hiyo.

Basi tunapata mafundisho mawili.

La kwanza: mtoto hurithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia, ingawa wazazi wenyewe hawana alama yoyote. Baba asemaye, "Hii ni laana ya upande wa mama," ajue kwamba naye ametoa fungu lake. Katika kila mimba ya wazazi kama hao, nafasi ya kupata mtoto mwenye ualbino ni moja katika nne.

La pili: usiseme, "Mwacheni azoee jua." Ngozi yako huzoea jua kwa sababu hodi ikibishwa, melanini hutoka. Kwake yeye hodi hubishwa kila siku bure. Wala baridi ya Marangu au Machame isikudanganye. Kinachodhuru si joto, ni mionzi isiyoonekana, nayo huzidi nguvu kadiri unavyopanda mlima. Mawingu nayo hayaizuii yote.

Kwa kuwa seli zake hazina kofia, mvike yeye kofia pana, shati la mikono mirefu, na suruali au sketi ndefu. Tangu saa nne asubuhi hata saa kumi jioni, kazi zake na ziwe kivulini, chini ya migomba au barazani. Apakwe mafuta ya kukinga jua, na kurudiwa kila baada ya saa mbili akiwa nje. Katika miaka ya 2010 mafuta ya namna hiyo, yaitwayo Kilisun, yalianza kutengenezwa papa hapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, usingoje, mpeleke hospitali. Katika hospitali ya KCMC kiko chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Tena macho yake yana udhaifu kwa kukosa melanini, basi mwalimu amweke karibu na ubao. Akili yake haina kasoro.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kipokezi kina kazi gani katika seli ya rangi?
2. Kwa nini mtoto mwenye ualbino hawezi kulizoea jua?
3. Je, katika kijiji chenu yuko mtoto anayechunga au kulima juani bila kofia? Mtamsaidiaje kabla ya somo lijalo?