Chombo Pichani, Kazi Mikononi



Februari 2022, serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu vya Congo vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Ni vitu 84,000 hivi. Vinyago na sanamu vina watetezi wengi, kwa kuwa vina soko. Hofu yangu iko kwa zana: nyavu, vipini, visu, mawe yaliyotobolewa, vipande vya mfupa ambavyo mtu akiviona hajui avishike upande gani. Wengi wetu hapa Uvira tutavijua kwa picha tu. Tukikosea kuzisoma picha hizo, kosa litaandikwa, litanakiliwa, na wajukuu wetu watafundishwa kosa hilo shuleni.

Mji huu una kisa ambacho kila mwanafunzi wa mambo ya kale angepaswa kukijua. Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wakiutafuta mto Rusizi. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile, na mto ulioko ncha ya kaskazini ya ziwa letu la Tanganyika ulikuwa unafaa sana kuwa njia ya maji kuelekea Nile. Wana wa Sultani Maruta wakawaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Watu waliokuwa wamesimama pale wakathibitisha. Burton mwenyewe aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1860. Hata hivyo, mwaka 1864, akiwa kwao, baada ya ugomvi mkubwa na Speke, alirudi kutetea kwamba mto unatoka. Ilibidi wasafiri wengine, Livingstone na Stanley, waje hadi mlangoni mwa mto, Novemba 1871, waone kwa macho maji yakiingia. Miaka 13 ilipotea juu ya swali lililokwisha kujibiwa ufukweni, na watu ambao majina yao hata hayakuandikwa.

Naam, mto si zana. Lakini kosa ni lile lile. Mstari uliochorwa kwenye karatasi hauonyeshi maji yanakwenda wapi, na chombo kilichopigwa picha kikiwa peke yake juu ya kitambaa cheupe hakionyeshi kilitumikaje.

Chukueni lusenga. Vijana, tazameni picha yake kana kwamba hamjawahi kusikia jina hilo. Kuna mti mrefu. Mwishoni kuna duara kubwa la mti uliopindwa, na kwenye duara umefungwa wavu wa matundu madogo sana, unaoning'inia kama mfuko. Mtu wa mbali atasema ni mtego wa ndege. Mwingine atasema ni chujio la pombe au la nafaka, na hatakuwa mjinga, maana umbo linamruhusu. Picha haimwambii ukubwa ikiwa hakuna mtu aliyesimama kando. Haimwambii kwamba chombo hiki hakifanyi kazi bila vitu vingine vitatu ambavyo havimo pichani: mtumbwi, moto, na usiku usio na mwezi.

Ndakala, samaki wadogo wa ziwa hili, hufuata mwanga. Mtumbwi ulikwenda na moto ukiwaka mbele, samaki wakajikusanya kwenye mwanga ule, na mvuvi akiwa amesimama akauzamisha wavu chini yao kisha akauinua. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, moto hauna nguvu ya kuwavuta, ndiyo sababu kalenda ya uvuvi huu ni kalenda ya mwezi hata leo. Miaka ya 1950 zilikuja karabai na nyavu za kuinua zinazofungwa kati ya mitumbwi iliyounganishwa, na lusenga ukaanza kuachwa. Ninachotaka mkione ni hiki: matundu madogo ya wavu yanaeleza udogo wa ndakala, urefu wa mti unaeleza kwamba mtu alisimama juu ya maji, lakini moto hakuna kitu kinachoueleza. Labda alama ya kuungua kwenye mtumbwi, nao mtumbwi umebaki huku au umeoza.

Hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu waanzie: ni nini kimekosekana? Mti huoza, kamba huoza, ngozi huoza, jiwe hubaki. Katika sehemu nyingi za Afrika ya kati na ya kusini yameokotwa mawe ya mviringo yenye tundu katikati. Ukiyaona pichani unaweza kusema ni vichwa vya rungu, au vizito vya nyavu, na huenda mengine yalikuwa hivyo kweli. Lakini huko kusini, michoro ya kale kwenye miamba inaonyesha wanawake wakiwa na vijiti vya kuchimbia mizizi, na jiwe la namna hiyo limevikwa kwenye kijiti ili kukipa uzito. Mchoro ule wa kale umefaa kuliko picha safi ya makumbusho, kwa sababu aliyeuchora alimchora mtu akiwa kazini.

Sasa tupande kaskazini, hadi Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akapata kipande cha mfupa chenye urefu wa sentimita 10 hivi, kilichochanjwa mistari katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na leo kiko Brussels. Safu moja ina makundi ya mistari 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Kila moja ya hizo jumla yake ni 60. De Heinzelin aliona mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi. Wengine wakasema ni mikwaruzo ya kuzuia mkono usiteleze.

Mimi sina ugomvi na hesabu. Nafurahi mtoto wa Congo akisikia kwamba watu wa kale wa nchi yake walihesabu. Lakini picha nyingi zimepigwa kuonyesha mistari, na macho ya watu yameishia hapo. Kwenye ncha ya mfupa ule kumepachikwa kipande kidogo cha jiwe kali, kwatzi. Basi kabla ya kuwa daftari, kile ni kipini, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata au kuchora kitu. Mjadala wa haki ungeanzia kwenye ile ncha. Pale pale Ishango zilipatikana pia chusa za mifupa zenye miiba, na juu ya hizo hakuna aliyebishana, kwa sababu chusa bado iko mikononi mwa wavuvi na kila mtu anajua inavyofanya kazi.

Kwa hiyo ombi langu ni la kazi, na halihitaji fedha nyingi. Orodha iko Kinshasa. Tuombe picha za zana za pwani hii, za Wavira, Wafuliiru, Wabembe na majirani zao, tuzichapishe kwa ukubwa wa kuonekana, tuzipeleke kwenye mialo ya Uvira, Mboko na Baraka. Msimwambie mzee jina lililoandikwa chini ya picha. Mwacheni aseme kwanza. Mpeni kijiti aonyeshe mkono ulishika wapi. Andikeni na majina ya wanaojibu, wakikubali. Wakitofautiana, andikeni majibu yote, na pasipojulikana andikeni kwamba haijulikani. Waliokuwa vijana lusenga ulipoanza kuachwa sasa wamepita miaka 80. Anzeni na hao, na anzeni mwaka huu.