Sheria, Miguu na Kalamu: Kazi ya Frederic Elton katika Njia ya Utumwa ya Rufiji



1. Utangulizi

Mada hii inamhusu James Frederic Elton, Mwingereza aliyepita huku kwetu Rufiji kwa miguu mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874. Hakuwa mwanasheria wa kusomea, alikuwa askari. Hata hivyo, kazi aliyoifanya kati ya Dar es Salaam na Kilwa ilikuwa ya kiwakili kwelikweli: kuisimamia sheria, kukusanya ushahidi na kuuandika. Hoja yangu ni moja. Sheria iliyotungwa mbali haimlindi mnyonge mpaka apatikane mtu wa kuifuatilia huku chini, njiani na vivukoni, na kuandika anachokiona.

2. Bahari yafungwa, nchi kavu yageuka njia

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, akitishiwa kuzingirwa na manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Biashara yenyewe haikufungwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangamiza mikarafuu ya Unguja, lakini sehemu kubwa ya mikarafuu ya Pemba ilisalimika. Bei ya karafuu ilipopanda, wenye mashamba wa Pemba wakazidi kutaka watu wa kuwafanyia kazi. Wafanyabiashara wa Kilwa waliozoea kuwapakia watu majahazini sasa wakawaswaga kwa miguu kuelekea kaskazini, hadi pwani inayotazamana na Pemba, ambako kuvuka kwa siri ni safari fupi.

Anayetoka Kilwa kwenda Dar es Salaam kwa nchi kavu hana budi kuuvuka Mto Rufiji. Leo tunauvuka kwa dakika chache juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Wakati ule ulivukwa na watu waliofungwa minyororo. Mkataba uliofunga bahari uliifanya nchi yetu kuwa mapito ya misafara.

3. Elton na silaha ya sheria

Elton alizaliwa 1840. Alitumikia jeshi nchini India na China, na 1873 akafika Zanzibar, akawa msaidizi wa Dk. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza. Kilichompeleka pwani ya Mrima kilikuwa kifungu cha sheria: raia wa Uingereza, pamoja na Wahindi waliokuwa chini ya himaya yake, hawakuruhusiwa kumiliki watumwa. Wahindi wenye maduka katika miji ya pwani walinunua sandarusi na mazao mengine na kukopesha mtaji, na baadhi yao walikuwa na watumwa. Elton alikwenda mji kwa mji, akawataka watumwa hao waachiwe huru.

4. Alichokiona na alichokihesabu

Njiani alikutana na misafara yenyewe. Aliandika habari za kundi moja la vijana na wanawake waliounganishwa kwa pete za chuma shingoni. Miguu yao ilikuwa imegandwa na tope kavu na kuchanwa na miiba, na miili imebaki mifupa na ngozi.

Hakuishia kwenye huruma. Alihesabu. Kuanzia tarehe 21 Desemba 1873 hadi tarehe 20 Januari 1874 hesabu yake ilifikia watumwa 4,096 waliopitishwa kuelekea kaskazini. Hao ni wastani wa watu 132 kila siku, na huo ni mwezi mmoja tu, miezi saba baada ya mkataba. Mtu anaweza kukanusha simulizi. Kukanusha hesabu yenye tarehe ni kazi ngumu zaidi. Ushahidi wa namna hii ulimpa Kirk nguvu ya kumbana Sultani, na Aprili 1876 Barghash akatoa matangazo ya kupiga marufuku misafara ya watumwa kwa nchi kavu pia.

5. Mipaka ya kazi yake

Tusimtukuze kupita kiasi. Sheria aliyoishika ilimgusa mtumwa wa Mhindi ikamwacha mtumwa wa Mwarabu au wa Mswahili wa jirani. Watu wawili walioswagwa katika msafara mmoja waliweza kuwa mmoja huru na mwingine mtumwa, kwa sababu tu ya uraia wa bwana. Hata baadaye, Wajerumani walipotawala hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Amri yao ya 1904 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya 1905. Tanganyika ilingoja mpaka sheria ya kuufuta ya 1922, miaka 49 baada ya mkataba wa Barghash.

Elton alifariki Ugogo tarehe 19 Desemba 1877, akiwa na umri wa miaka 37. Wenzake walimzika chini ya mbuyu, wakachonga herufi za jina lake kwenye shina, na kitabu cha safari zake kikachapishwa 1879. Watu 4,096 aliowahesabu hawakuandikwa hata jina moja. Hilo ndilo deni letu.

6. Mapendekezo

Kwanza, shule za Kibiti na Rufiji ziwatume wanafunzi kwa wazee, kuanzia Nyamisati hadi Mohoro, wakaandike simulizi za koo zilizofika kwa njia hiyo ya utumwa. Kazi hii ifanywe kwa staha, pasipo kumfedhehesha mtu kwa asili yake.

Pili, masimulizi hayo yahifadhiwe wilayani, yasomwe sambamba na ripoti za akina Elton, ili historia yetu isitegemee jicho la mgeni peke yake.

Tatu, tujifunze kwa ajili ya leo. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, lakini bado wako watoto wa vijijini wanaochukuliwa kwenda mijini kufanya kazi za ndani bila mtu kuuliza wanaenda kwa nani. Kila ofisi ya mtendaji wa kijiji iwe na daftari: jina la mtoto, aliyemchukua, aendako na tarehe. Elton aliandika idadi. Sisi tunawajua watoto wetu kwa majina, basi tuyaandike kabla hawajapanda gari.