Ibn Firnas Alisahau Mkia

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)



Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu. Nimepewa dakika chache kabla ya futari, na najua mtu mwenye njaa hataki maneno mengi. Kwa hivyo nitaanza na kisa cha nyumbani.

Nilipokuwa darasa la tano, ustadhi wetu wa chuoni alitusimulia habari za Abbas ibn Firnas, mtu wa Andalusia aliyejivika mbawa akaruka. Tulitoka pale vichwa vyetu viko mawinguni. Jioni hiyo hiyo binamu yangu alifunga shuka la babu kwenye fito mbili, akapanda juu ya paa la banda la kuku, akaruka. Akavunjika mkono. Aliporudi na plasta, akala bakora kwa sababu ya lile shuka. Na mimi, naona haya kuyasema leo, nilikuwa wa kwanza kumcheka. Nilimpa jina la "Rubani", na mtaa mzima ukalishika.

Yule kijana alikuwa na mikono. Akifufua redio zilizokufa. Akiunda magari ya waya yenye usukani unaokata kona. Baada ya siku ile akaacha kila kitu. Ukimwambia hata mtengeneze tiara, anakujibu, "Mimi nishaacha."

Sasa nawauliza: nani alikosea? Yeye aliyeruka, au sisi tuliocheka? Mimi naona sote tulikosea, ila makosa yetu si mamoja. Hebu tutazame waliotutangulia.

Ibn Firnas aliishi Cordoba akafariki mwaka 887. Hakuwa mtu wa kujitupa tu. Alikuwa mshairi, mtu wa nyota na hesabu, alitengeneza saa ya maji, na alijulikana kwa ufundi wa kupata kioo kutokana na mawe. Habari ya kuruka kwake imetufikia hasa kupitia mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika miaka mia saba na zaidi baadaye akitegemea maandishi ya zamani. Anasema alijifunika manyoya, akajitengenezea mbawa, akaenda angani masafa si haba. Lakini wakati wa kutua aliumia mgongo. Kwa nini? Kwa sababu hakuzingatia kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia, na yeye mkia hakujitengenezea.

Mkimwangalia kunguru akitua ukutani mtaelewa. Anakaribia, anainua kifua, anakunjua mkia kama upepeo, mwendo unapungua, miguu inashika. Mkia ndio unaomweka sawa asipinduke mbele wala nyuma. Mbawa zinakupandisha, lakini bila mkia kurudi chini salama ni bahati nasibu. Binamu yangu naye alisikia habari ya mbawa. Ile sehemu ya mkia hatukuambiwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Twende mbele. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka na mbawa zisizo na injini yapata mara 2,000. Mwaka 1896 upepo ulimshinda, akaanguka, akafa siku ya pili. Huko Marekani, mjini Dayton, ndugu wawili mafundi wa baiskeli, Wilbur na Orville Wright, walizisoma kazi zake. Hawa hawakuwa na shahada ya chuo kikuu. Lakini walipoona hesabu za waliowatangulia hazilingani na wanayoyaona wenyewe, walifanya nini? Hawakupanda juu ya paa. Mwaka 1901 walitengeneza sanduku refu la mbao lenye feni, wakapima humo vijibawa vya maumbo yapata 200, kimoja kimoja. Wakarusha kwanza tiara, kisha ndege zisizo na injini, mwaka baada ya mwaka. Injini wakaundiwa na fundi wao wa karakana, Charlie Taylor. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao ikaruka sekunde 12, mita 36 hivi. Sekunde kumi na mbili tu! Miaka minne ya kazi kwa muda usiofika hata wa kumaliza kikombe cha kahawa. Lakini siku hiyo hiyo, mruko wa nne ulifika sekunde 59.

Mtasema hao ni Wazungu wa zamani. Haya, njooni karibu. Mwaka 2007 mjini Kano, Nigeria, kijana wa miaka 24, Mubarak Muhammad Abdullahi, mwanafunzi wa fizikia, alionyesha helikopta aliyoiunda kwa miezi minane. Injini aliitoa kwenye gari la Honda Civic, viti kwenye Toyota kuukuu, mwili akauunda kwa alumini ya vyuma chakavu. Pesa alizipata kwa kutengeneza simu na kompyuta za watu. Iliripotiwa kwamba chombo chake hakikupanda zaidi ya futi saba. Waliocheka walicheka. Lakini futi saba kwa vyuma chakavu, nani kati yetu hapa amezifikia?

Na mwaka 2019 huko Punjab, Pakistan, Muhammad Fayyaz, muuza bisi aliyeacha shule mapema baada ya kufiwa na baba yake, aliunda ndege ndogo. Mbawa za gunia, magurudumu ya riksho, injini ya mashine ya kukatia barabara. Polisi wakamkamata, akatozwa faini, ndege yake ikashikiliwa kisha akarudishiwa. Baadaye watu wa jeshi la anga wakaenda kumtazama. Hapa kwetu Kenya naye yuko Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta, ambaye kwa miaka amekuwa akiunda ndege nyumbani kwake, moja baada ya nyingine.

Mnaona mfanano? Wote hawa wana mikono na wana moyo. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia, "Kaa hapa tupime." Kule Marekani, tangu mwaka 1953 wapo wajenzi wa ndege za nyumbani waliojiunga kuwa jumuiya moja. Mtu anaunda ndege kwenye gereji yake, wenzake wenye uzoefu wanakuja kumkagulia, serikali inaikagua, kisha anairusha saa 25 au 40 za majaribio mbali na nyumba za watu kabla ya kubeba abiria. Sio kwamba watu wao wana akili kutushinda. Wamemwekea mwenye kuthubutu njia ya kupita. Sisi tumemwekea bakora na kicheko.

Kijana mwenzangu, nisikusomee ubaya na mwenzako. Nawe usinielewe vibaya. Sikwambii upande juu ya paa leo baada ya tarawehe! Nakwambia: hesabu na fizikia unazozikimbia ndizo mkia wako. Anza na tiara. Anza na kijindege cha karatasi, badilisha mkia wake, andika kimeenda hatua ngapi. Na siku utakapounda kitu cha kumbeba mtu, nenda kwa wenye mamlaka ya usafiri wa anga kabla hujaenda uwanjani. Kuuliza si woga. Roho uliyonayo ni amana.

Na nyinyi wazazi wetu, kwa heshima zote: mtoto akikufungulia redio, kabla hujashika fimbo muulize, "Umeona nini ndani?" Swali hilo halina gharama.

Namalizia. Siku mbili kabla ya kufunga, tulipokuwa tunaombana radhi kama ada yetu, nilimwendea binamu yangu. Sasa ni mtu mzima, ana duka la simu. Nikamwambia, "Nisamehe kwa lile jina." Akacheka, akasema hayo yamepita. Nikamweleza habari ya ule mkia. Alinyamaza kitambo, kisha akachukua karatasi ya risiti, akaikunja, akaniuliza, "Kwani ukiwa mrefu zaidi inakuwaje?"

Tulikaa palepale mpaka usiku mkubwa. Mimi nilikuwa natafuta msamaha, nikarudi nyumbani na maswali ambayo mpaka leo sijayapatia majibu. Ndugu zangu, yuko "Rubani" katika kila mtaa. Mtafuteni wa kwenu kabla ya Idi.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan karim.