Kuhifadhi Wajihi wa Mhusika katika Picha za Akili Mnemba



Mtoto anayefungua kitabu cha hadithi za picha huanza kwa kumtafuta mtu wake. Kabla hajayasoma maneno, na aghlabu kabla hajajua kusoma, macho yake hupita ukurasa hata ukurasa yakimsaka yule binti au yule sungura aliyekwisha kumzoea. Akimwona huendelea kwa raha, na akimwona mtu mwingine aliyevikwa nguo zile zile, humgeukia mamaye na kumwuliza huyu ni nani. Swali hilo likishaulizwa, hadithi imekatika. Kwa hiyo mada niliyoombwa kuileta mbele yenu, ijapokuwa inahusu mitambo ya juzi, muradi wake ni wa kale: vipi mhusika mmoja atabaki kuwa mmoja, ilhali ametokea katika picha 30 mbalimbali, mara amelala, mara anakimbia, mara amempa msomaji kisogo.

Wachoraji waliotutangulia walikuwa na jawabu lao. Edward Gitau alimchora mhusika wake Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi, na msomaji hakuhitaji kuandikiwa jina ili amtambue. Hapo hifadhi ya sura ilikuwa katika mkono mmoja uliozoea. Ama katika jarida la Sani la Dar es Salaam, Philip Ndunguru alipofariki, baadhi ya wahusika aliowaumba, kama vile Ndumilakuwili, waliendelea kuishi kwa kalamu za watu wengine, jambo lisilowezekana ila pale ambapo alama za mhusika zimekwisha kuwa mali ya wote wanaomchora. Na huko Marekani, katika karakana ya Walt Disney, ambako watu wengi walilazimika kumchora kiumbe mmoja kwa maelfu ya michoro, iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1930 idara nzima ya vielelezo vya wahusika, ikiongozwa na Joe Grant. Idara hiyo ilitoa karatasi zinazomwonyesha mhusika kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, na ikafinyanga hata sanamu ndogo, ili kila mchoraji aweze kuigeuza mkononi na kumtazama Pinocchio kutoka upande wowote autakao. Nayataja haya kwa sababu kila hila mpya nitakayoieleza hivi punde ni ama karatasi ile, ama sanamu ile, iliyovikwa joho la hesabu.

Mtambo wa picha hauna mkono uliozoea, wala kwa asili yake hauna kumbukumbu. Modeli ya Stable Diffusion, iliyotolewa hadharani Agosti 2022, na nyingi za jamii yake, huianza kila picha kwa chenga tupu, zile nukta zisizo na mpango zionekanazo katika televisheni isiyopata mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua, kwa kuongozwa na maneno ya mwenye kuagiza, mpaka umbo likajitokeza. Picha ikishakamilika, hakuna kinachosalia humo ndani cha kuikumbuka. Ukiagiza ya pili, kazi huanza upya kwa chenga nyingine, na binti azaliwaye humo ni binti mwingine anayetimiza masharti yale yale. Wala hiyo si hitilafu. Ukisema unataka msichana wa miaka minane, maji ya kunde, mwenye macho makubwa, umewaelezea maelfu ya wasichana, na mtambo una haki ya kukuletea yeyote miongoni mwao.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia namba ya mbegu, yaani ile namba inayoamua chenga za mwanzo ziwe zipi. Ni kweli kwamba namba ile ile, kwa modeli ile ile, maneno yale yale na vipimo vile vile, hurejesha picha ile ile. Lakini mtunzi wa hadithi hana haja na picha ile ile, ana haja na mtu yule yule ndani ya picha nyingine, na mara abadilipo maneno, akasema sasa binti anapanda mnazi badala ya kuketi barazani, mbegu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, ikabaki kuhifadhi mpangilio wa picha zaidi ya wajihi. Wengine huongeza maneno juu ya maneno, wakadhani kwamba wasifu ukirefuka sura itatulia. Hawajui kwamba kitengo kinachosoma maneno katika Stable Diffusion ya kwanza hupokea vipande 77 tu, na vilivyozidi hukatwa; na kwamba modeli hiyo ilifunzwa zaidi kwa fungu la Kiingereza la hazina ya LAION, hazina yenye jozi za picha na maelezo zipatazo bilioni 5.85, ambazo kati yake kiasi cha bilioni 2.3 ndizo za Kiingereza. Msamiati wa mavazi na misuko ya pwani yetu haukuwa na nafasi kubwa katika karamu hiyo.

Njia za maana zaidi zilikuja upesi, nami nitazipitia kwa haraka kwa kuwa majina yake yatachakaa. Mwaka 2022 ilitokea Textual Inversion, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na kampuni ya NVIDIA, ikafuatwa na DreamBooth, ya Google na Chuo Kikuu cha Boston. Zote mbili huionyesha modeli picha tatu hadi tano za kitu kimoja, ikajifunza kukifungamanisha na neno la pekee. LoRA, iliyobuniwa Microsoft mwaka 2021 kwa ajili ya modeli za lugha, ikahamishiwa kwenye picha na kupendwa mno, maana haibadili modeli nzima, bali huongeza faili dogo pembeni yake. Mwaka 2023 IP-Adapter ya Tencent ikawezesha picha yenyewe kutumika kama agizo, pasipo mafunzo yoyote. Machi 2024 Midjourney ikawapa watumiaji wake uwezo wa kuelekeza kwenye picha ya mhusika. Na mwaka 2025 mitambo ya OpenAI na Google ikaanza kupokea picha na kuihariri kwa mazungumzo ya kawaida, ukisema mvike kofia, ikamvika.

Hizi zote zinafaa, na sina nia ya kuzibeza. Lakini katika kila mojawapo umejificha ugonjwa wa pili, ambao kwa maoni yangu ni mbaya kuliko ule wa sura kuhama, nao ni sura kuganda. Mtu akikusanya picha 20 za mhusika wake, zote zikimwonyesha kwa mbele, akitabasamu, mbele ya ukuta mweupe, kisha akazitumia kuifunza modeli, atapata mhusika asiyeweza kugeuka, asiyeweza kulia, na ambaye ukuta mweupe humfuata hata shambani, kwa kuwa mtambo hauna njia ya kutambua lipi katika picha hizo ni mtu na lipi ni nasibu ya mahali. Kwake yeye kilichorudiwa ndicho kilichofunzwa. Nimeona hadithi ya msiba ambamo mtoto, kaburini kwa babu yake, anacheka meno nje. Sura yake ilikuwa sahihi kabisa. Basi anayeandaa picha za mafunzo na abadili makusudi kila kitu asichotaka kibaki, yaani mahali, mwanga, mkao, hali ya uso na hata nguo, na aache kimoja tu kisichobadilika, nacho ni mtu mwenyewe.

Kadhalika kuna upotovu wa kuhariri kilichohaririwa. Mchoraji huchukua picha ya ukurasa wa kwanza akaigeuza kuwa ya pili, ya pili akaigeuza kuwa ya tatu, na kila hatua ikionekana kuwa karibu na ile iliyoitangulia. Akifika ya kumi, pua imekwisha kupanuka na kidevu kimekwisha kuchongoka. Ni sawa na fundi cherahani anayekata gauni la pili kwa kulipima la kwanza, na la tatu kwa kulipima la pili, ilhali kielelezo cha karatasi kimelala sandukuni. Kila ukurasa na ukatwe kutoka kwa kielelezo cha asili, hata kama njia hiyo ni ndefu zaidi.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu: kielelezo hicho hakitoki mtamboni, nacho lazima kiwepo kabla ya ukurasa wa kwanza. Nakiita daftari la mhusika. Tuchukue mathalani binti wa hadithi, tumwite Mwanaisha, wa mtaa mmojawapo wa Lamu. Daftari lake lianze kwa kivuli chake, yaani umbo lake likiwa limepakwa weusi mtupu: je, ukimwona hivyo kwa mbali, miongoni mwa watoto wengine, utamjua? Mwenye daftari asipoweza kujibu ndiyo, na arudi kwenye kalamu. Kisha zichaguliwe alama tatu au nne zilizotawanyika mwilini, moja kichwani, moja katika vazi, moja katika mwendo au mkao, ili mojawapo ikifichwa nyingine ibaki. Kwani Mwanaisha huyo atajitanda mtandio akienda chuoni, na hapo nywele zake zote, ambazo pengine ndizo zilizotegemewa, zitakuwa zimetoweka. Uso uje mwisho. Wengi hustaajabu nisemapo hivyo, lakini katika picha ya kitabu cha watoto uso aghlabu hauzidi ukubwa wa ukucha, na mtoto humtambua mtu kwa gauni na mapozi yake kabla hajaifikia pua.

Nywele zinastahili fungu lake. Iwapo Mwanaisha amesukwa twende kilioni, daftari liseme mistari ni mingapi na imeishia wapi kisogoni, kwa maana mtambo huongeza na kupunguza mistari bila haya, na mara nyingine huigeuza kuwa misuko ya kuning'inia. Kanga nayo ni mtihani. Pindo lake hupotoka, mji wake hubadilika kutoka maua hadi matufaha, na jina lake, ambalo kwa msomaji wetu ni kauli kamili, hutoka herufi zisizosomeka katika lugha yoyote. Ushauri wangu ni kuagiza kanga isiyo na maandishi, kisha jina litiwe kwa mkono wa mchoraji aliyelichagua kwa makini. Msomaji mtu mzima atalisoma kabla ya hadithi yenyewe.

Jambo la ngozi ni zito zaidi. Rangi ya mhusika huhama pamoja na taa: akiingia katika chumba chenye kandili hupata rangi moja, akitoka juani hupata nyingine, na mitambo hii ina mwelekeo wa kumng'arisha kila inapoambiwa kwamba tukio ni la furaha au kwamba binti ni mzuri. Katika maisha ya kweli mwanga huibadili ngozi, hilo halikatazwi. Linalokatazwa ni mabadiliko yasiyo na sababu ndani ya picha. Kwa hiyo daftari liwe na kipande cha rangi ya ngozi katika mwanga wa mchana, kingine cha machweo, na kingine cha taa, na mhariri aziweke kurasa zote mezani kwa pamoja, si moja moja, azitazame kwa mpigo. Kosa lisiloonekana katika ukurasa mmoja hupiga kelele zikiwa 16 zimepangwa sambamba.

Wahusika wawili wakikutana katika picha moja, sifa zao huvujiana: mtandio wa bibi humwangukia mjukuu, na mvi za bibi zikapungua. Dawa iliyo nyepesi ni kuwatengeneza mbalimbali na kuwaunganisha baadaye, au kuiagiza picha kwa maeneo, kila eneo na maneno yake.

Limebaki suala la haki. Wako waliogundua kwamba jina la mtu mashuhuri hutuliza sura kuliko wasifu wowote, kwa sababu modeli imemwona mtu huyo mara nyingi mno. Katika kitabu cha Zarya of the Dawn, cha Kris Kashtanova wa Marekani, wasomaji hawakukawia kuona kwamba Zarya anafanana na mwigizaji Zendaya. Na tarehe 21 Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo ikaamua kwamba maandishi na mpangilio wa kitabu hicho vinalindwa, ila picha zenyewe zilizotoka katika Midjourney hazilindwi. Ithibati hiyo inatosha kumwonyesha mchapishaji kwamba mhusika aliyeazimwa sura mahali pengine, na kutengenezwa bila mkono wa mtu, si mali ya kujivunia. Wala jawabu si kumpiga picha mtoto wa jirani na kuzitia picha zake mtamboni: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata pasipo sheria, mtoto huyo atakua, naye atataka kujua sura yake ilipelekwa wapi na nani aliridhia.

Nawasihi basi wachapishaji mliohudhuria: msipokee mswada wa kitabu cha picha usioandamana na daftari la mhusika lililochorwa kwa mkono, na katika mkataba daftari hilo lipewe bei yake yenyewe, mbali na bei ya kurasa, alipwe mchoraji hata kama kurasa zote zitatoka mtamboni.