Uji Utangulie Somo: Mada Juu ya Umakini wa Watoto Katika Shule za Lodwar na Kakuma



Nimetakiwa nizungumze katika semina hii juu ya kuimarisha umakini wa watoto, yaani ule utulivu wa akili juu ya jambo moja mpaka lieleweke. Njia zake za kawaida mnazijua: vipindi vifupi kwa wadogo, nyimbo na michezo, usingizi wa kutosha, na simu kuwekwa mbali. Naomba idhini nipite hapo upesi, nifikie jambo ambalo kwa miaka mingi nimelisema katika mikutano ya namna hii, nalo ni njaa ya asubuhi.

Tatizo lenyewe

Mtoto wa Kiturkana aliyezoea kuchunga hakunyimwa umakini, kwani jioni, mbuzi wakiingia zizini, humtambua aliyepotea kwa rangi yake kabla mtu mzima hajamaliza kuhesabu. Lakini mtoto huyo huyo, akija shuleni asubuhi hali hajatia kitu tumboni tangu ile pure aliyokula hapo jana mchana, ifikapo kipindi cha tatu huwa ameulaza uso juu ya dawati. Na mwalimu, ambaye huko Kakuma aghalabu ana watoto wanaopindukia mia katika chumba kimoja, humhesabu kuwa mvivu, ilhali taksiri si yake.

Njaa hiyo ina sababu zake. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Na katika miaka ya karibuni mgao wa chakula wa wakimbizi umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha. Upande wa wenyeji, ukame wa 2020 hadi 2023 uliteketeza mifugo, na maziwa yakaadimika nyumbani. Mpango wa serikali wa chakula cha shule, ulioanza mwaka 2009, umewarudisha watoto wengi madarasani, nasi tunaushukuru kwa dhati. Ila mlo wenyewe ni wa adhuhuri, wakati joto la Lodwar limekwisha kupita nyuzi 35 na mabati yanawaka. Na ile saa moja na nusu hadi saa nne, ambayo ndiyo saa ya baridi na ya fahamu, mtoto huipitisha akisikiliza tumbo lake badala ya mwalimu.

Nimepata kuomba sehemu ya mgao wa chakula hicho cha shule itolewe asubuhi kwa uji, nikajibiwa kuwa mwongozo wasema chakula cha mchana. Sisemi haya kwa kumlaumu mtu, kwani kila idara ina hesabu zake za kujibia. Lakini nimesimama mbele ya ghala lenye magunia, mlango umefungwa, na watoto gwarideni wakiyumba, nami siwezi kulinyamazia jambo hilo.

Mapendekezo

1. Uji utangulie somo la kwanza, katika kila shule, kila siku.
2. Mwongozo wa mgao urekebishwe ili mwalimu mkuu aruhusiwe kufungua ghala asubuhi.
3. Hesabu na kusoma viwekwe kabla ya saa nne. Michezo na ufundi vifuate.
4. Kila darasa liwe na mtungi wa maji ya kunywa.
5. Wadogo wafundishwe kwa lugha waijuayo, Kiturkana kwa wenyeji. Na Kakuma, wasaidizi watafutwe miongoni mwa wakimbizi.
6. Mtoto asinziaye aulizwe kwanza amekula nini, kabla ya kuadhibiwa au kuandikwa mtundu.
7. Kuni na majiko ya uji vitengewe fedha, wala mtoto asitakiwe kuja na kuni.
8. Narudia: uji usingojee mchana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba pendekezo la kwanza na la pili yaandikwe katika kumbukumbu za semina hii, watajwe wahusika wa kuyatekeleza, na tarehe ya kutoa jibu.